Uzi: Vituko vyetu na hema duniani, mimi na mume wangu, na neno moja tulilolipiga marufuku

BiShanta (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jana usiku mimi na mume wangu tulikaa kupanga picha za safari zetu. Tulianza saa mbili, tukaja kulala saa saba, na nusu ya muda huo hatukuwa tunapanga chochote, tulikuwa sakafuni tunacheka. Asubuhi nikaamua kufungua uzi huu. Huu ni mwaka wa 11 tunazunguka dunia na hema mgongoni kila tupatapo likizo, na mandhari nzuri tumeziona, lakini kitu ninachokithamini zaidi ni kwamba nimemjua huyu mtu. Nitasimulia kwa vipande, kadiri vinavyonijia. Mwenye chake akilete.

Kwanza mjue sheria yetu. Tukiwa safarini tunapokezana unahodha. Leo mimi, kesho yeye. Nahodha wa siku ndiye anayeamua njia, mahali pa kulala na saa ya kuondoka. Asiye nahodha anatoa ushauri mara moja tu, kisha anafuata. Na liwe liwalo, neno "nilikuambia" ni marufuku. Atakayelitamka anaosha sufuria siku tatu mfululizo, kwa maji yoyote yatakayopatikana, hata yawe yametoka kwenye barafu.

Sheria hiyo ilizaliwa Norway, ndani ya Lysefjord. Ni mkono wa bahari wa kilomita 42, umebanwa na kuta za mawe pande mbili, na juu yake kuna jabali la Preikestolen, bapa kama meza, mita 604 kutoka majini. Watu hupanda kule kutazama chini. Siku ile chini tulikuwepo sisi.

Tulikuwa kwenye kayaki ya watu wawili, mume wangu omo, mimi tezi. Yeye alikuwa amekata shauri kwamba wa mbele ndiye anayeona njia, basi wa mbele ndiye anayeongoza. Nikipiga kafi kulia, yeye anapiga kushoto kunisahihisha. Namsahihisha alivyonisahihisha. Kayaki ikazunguka, ikazunguka tena, robo saa nzima, kama jani kwenye beseni, kila mmoja akipiga kafi kwa nguvu zake zote na kwa nia njema kabisa. Kuta za mawe zinarudisha sauti. Nikisema "kulia!", mwamba nao unasema "kulia!". Mume wangu akageuka: "Nimesikia! Mbona unarudia?"

Nikamwambia si mimi, ni mwamba. Mwamba ukasema, "ni mwamba."

Mwongozaji wetu, mama mtu mzima, alikuwa amelaza kafi mapajani anatusubiri. Tulipochoka akasogea, akatueleza taratibu. Wa nyuma ndiye anayeiona kayaki nzima pamoja na mwenzake, na pigo lake ndilo linalogeuza chombo. Wa mbele kazi yake ni mwendo: apige sawasawa, asibadilike, ili wa nyuma apate wa kumfuatisha. Baada ya dakika tano tulikuwa tunakwenda mstari ulionyooka. Kwamba manahodha wawili chombo huenda mrama, hilo nililijua tangu utotoni. Lysefjord ndiko nilikolielewa kwa mikono.

Usiku ule tulilala ufukweni. Norway ina sheria ya mwaka 1957 inayomruhusu mtu yeyote kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa, mradi awe mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa, na asikae zaidi ya usiku mbili bila kuomba. Tukapima hatua zetu, tukapiga hema, na kwa mwanga wa tochi tukaandika sheria ya unahodha nyuma ya ramani. Ramani hiyo tunayo mpaka leo. Ina doa la supu.

---

Kigingi

Dada, hapo pa mwamba nimecheka peke yangu kwenye basi, watu wananitazama. Mimi na mume wangu tulipanda kayaki moja mara moja tu. Siku hizi tunakodi mbili, na hata hivyo tunagongana. Shusha vitu, tupo.

---

Tochi

Swali kidogo. Nahodha akikosea kabisa, tuseme anawapeleka penye hatari, mwenzake bado ananyamaza?

---

BiShanta

Hapana mkuu, na nashukuru umeuliza. Tuna neno la pili, "simama". Likitamkwa, wote wawili mnasimama hapo hapo bila maelezo, halafu ndipo mnazungumza. Tumelitumia mara mbili tu miaka yote: mto uliokuwa umejaa na kubadilika rangi, na radi ilipotukuta juu ya mgongo wa mlima. Kunyamaza ni kwa mambo ya kiburi. Uhai hauna nahodha.

Haya, sasa Patagonia.

Torres del Paine, kusini mwa Chile. Zamu ilikuwa yangu. Kule kiangazi ndicho msimu wa upepo, unatoka magharibi, na mivumo ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa haimshangazi mtu. Hema hupigi utakapo, ni kambi rasmi tu na nafasi unaiweka mapema, ila ndani ya kambi unachagua kiwanja. Tulifika mchana, hewa imetulia, Ziwa Pehoé limelala kama kioo. Kulikuwa na viwanja nyuma ya vichaka ambavyo havioni kitu, na kimoja kipo wazi, mbele yake ziwa, na nyuma ya ziwa vilele viitwavyo Cuernos, yaani pembe. Ukiviona utajua kwa nini.

Nikasema, hapa.

Mume wangu akatazama mbingu. Akatazama vigingi mkononi. Akafungua mdomo, akaufunga, akaanza kupigilia.

Saa kumi jioni tulitoka wote kuchota maji. Tukasikia nyuma yetu sauti kama tanga linapojaa. Kugeuka, hema limesimama kwa pembe moja, linatetemeka, halafu likaondoka. Sisemi lilianguka. Liliondoka! Mifuko ya kulalia ikiwa ndani, na suruali pekee kavu ya mume wangu, likabingirika juu ya majani, likaruka uzio mdogo wa mbao, likatua katikati ya kundi la guanako.

Guanako ni jamaa za ngamia, wembamba, shingo ndefu, watulivu. Hawakukimbia. Waligeuza shingo zote kwa pamoja kulitazama hema linavyopita, kisha wakazigeuza upande wa pili kututazama sisi tunaolifuata, mume wangu akiwa na kaptura ya kulalia na buti zisizofungwa. Nilipowapita niliona kabisa kwamba wamesubiri kuona kama kuna mwingine nyuma.

Tulilikuta mita kama 300 mbele. Kijana mmoja alikuwa amelikalia, kikombe mkononi, wala hana haraka. Zipu ilikuwa imefunguka na ile suruali inapepea mlangoni kama bendera ya nchi. Akatuuliza kwa ishara kama ni letu.

Kuna jambo moja halikunichekesha siku ile. Njiani tulikuwa tumepita kwenye miti iliyokauka, ya kijivu, eneo kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2011 moto ulioanzia kwa mtu mmoja tu uliteketeza hekta zaidi ya 17,000 za hifadhi ile, na ndiyo sababu kuwasha moto wa kuni ni marufuku kabisa, na jiko la gesi linawashwa mahali palipotengwa tu. Niliwaza: lile hema lingeondoka na jiko linawaka? Tulipika penye kibanda cha kupikia kama tulivyoagizwa, na tangu siku ile sijawahi kubishana na mlinzi wa hifadhi.

Usiku tulihamia nyuma ya vichaka. Nilimsubiri mume wangu aseme "nilikuambia". Kwa kweli nilitamani aseme, maana sufuria zilikuwa zimeungua na zamu ya kuosha ilikuwa yangu. Hakusema. Alilala usingizi wa mtu mwenye amani. Mpaka leo sijui kama alijua au hakujua.

---

Mzee wa Dira

Binti yangu, alijua. Miaka 40 ya ndoa inanituma nikuambie hivyo.

---

Kigingi

Alijua 😂 Kutazama vigingi kule!

---

Mama Kambi

Naomba nichangie na mimi, kisa kifupi. Tasmania, Australia, kisiwa cha Maria, kambi ya Darlington. Asubuhi mume wangu anatoka hemani anaona juu ya jiwe mlangoni kuna vipande vitatu vya umbo la mchemraba, vyeusi vyeusi, vimepangika vizuri. Akafikiri ni yale makaa ya kuwashia moto, mtu kayasahau. Akaviokota, akaviweka mfukoni kwa ajili ya jioni.

Ni kinyesi cha wombati, mnyama mnene wa Australia mwenye mfuko kama kangaruu. Mnyama yule kinyesi chake kinatoka cha mraba, na hupenda kukiacha juu ya mawe na magogo kuweka alama. Wanasayansi waliochunguza jinsi inavyotokea walikuta kuta za utumbo wake zina sehemu ngumu na sehemu laini, ndizo zinazotengeneza zile kingo, na mwaka 2019 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zinafikirisha. Mume wangu alitembea navyo mfukoni mpaka saa tisa alasiri, anaviringisha kidoleni. Nilipogundua sikuweza kumwambia kwa dakika kumi, nilikuwa nimekaa chini.

---

BiShanta

Mama Kambi umenimaliza. Nimemsomea mume wangu, ametoka chumbani.

Niwape Iceland sasa, maana hii ni kubwa kuliko zote kwangu, na ni kisa ambacho asiyesema Kiswahili huwezi kumweleza akakielewa.

Mwezi Juni, kaskazini ya kisiwa, kwenye Ziwa Mývatn. Msimu huo jua linajichovya tu chini ya upeo na kurudi, giza haliji. Nahodha alikuwa mume wangu, na amri yake ilikuwa kuondoka saa moja asubuhi kamili. Saa yangu ni ya mishale. Nikafumbua macho, mwanga umejaa hema, mshale unasema saa nane.

Nikamtikisa. "Baba, ni saa nane!"

Akakurupuka. "Nane gani?"

Sasa hilo ndilo swali. Nje mawingu yametanda, mwanga ni uleule wa jana mchana na jana jioni. Nane ya usiku, nane ya mchana, saa haisemi. Simu zetu zote mbili zilikuwa zimezima. Mume wangu akachungulia nje, akarudisha kichwa, akatoa uamuzi: "Ni mchana. Tumepitiwa na usingizi." Nikatumia haki yangu ya ushauri mara moja: mbona hema zote zimefungwa? Akasema watu wameshatoka kutembea. Nikawa nimemaliza ushauri wangu.

Tukafungasha kwa mbio. Sufuria zikagongana, vigingi vikamwagika, nikakanyaga jiko. Mume wangu alikuwa anapiga hema vumbi kwa mikono miwili, pa! pa! pa!, kama anafukuza mbuzi. Magari yote yapo? Wameenda kwa miguu. Buti zao zote zipo milangoni? Hapo akasita.

Zipu ya hema la jirani ikafunguka sentimita kama 20. Kikatoka kichwa cha bibi mmoja, nywele nyeupe, kitambaa cha kufunika macho amekisukuma kwenye paji la uso. Akaweka kidole mdomoni. Kisha akaonyesha kwenye kifundo cha mkono wake, akaweka viganja viwili chini ya shavu kama mtoto aliyelala. Zipu ikafungwa.

Nane ya usiku.

Tulisimama pale na mizigo yetu yote mgongoni, tumefungasha, hatuna hema. Kulipiga upya ni kelele zilezile tena. Nahodha akanong'ona, "Tutembee." Tukatembea. Na wakuu, hiyo ndiyo saa bora kabisa niliyowahi kuishi nje ya nyumba. Mawingu yalipasuka upande wa kaskazini, mwanga ukawa wa waridi, maji yakawa ya waridi, bata wakikata mistari juu yake, hakuna mtu hata mmoja. Hatukuthubutu kuzungumza. Kila tulipotazamana kicheko kilikuwa kinapanda, na kambi bado iko karibu, kwa hiyo tulicheka kwa mabega tu, machozi yanatutoka, tumeshikana mikono.

Jua lilipopata nguvu tukajua na maana ya jina. Mývatn ni "ziwa la usubi". Walitoka majanini kama moshi. Hawa wengi wao hawaumi, ila wanaingia puani, masikioni, mdomoni. Tukaendelea kucheka, sasa kwa mdomo uliofungwa, kazi ngumu sana hiyo.

---

Tochi

"Nane gani?" Hii nitaitumia maisha yangu yote.

---

Mzee wa Dira

Kuhusu usubi, wale wa Scotland wanauma na hawana huruma. Kinachowashinda ni upepo. Ukifika kilomita 11 kwa saa hivi hawawezi kuruka. Mimi na mke wangu tuligundua tukitembea kwa kasi wanabaki nyuma, basi tulikula chakula cha jioni tunatembea, tunazunguka hema, sahani mkononi. Mizunguko 26. Mke wangu alihesabu. Wazee wa miaka 60 na kitu. Gari la watu likapunguza mwendo barabarani kutuangalia, tukawapungia vijiko.

---

BiShanta

Shikamoo mzee wangu, na mfikishie mama salamu. Mizunguko 26!

Kabla sijaenda kulala, ndege na nyani. Kwa ndege namaanisha kea wa New Zealand, kasuku wa milimani, wa Kisiwa cha Kusini. Rangi ya kijani iliyochujuka, akifungua mbawa chini yake ni chungwa kali. Tulikutana nao kwenye barabara ya kwenda Milford Sound, tukisubiri taa kuingia handaki la Homer Tunnel. Mmoja akaruka kwenye boneti, akatembea kwa mikogo kutoka kushoto kwenda kulia, akainamisha kichwa, akatutazama kupitia kioo, jicho moja kisha jingine. Tulishuka, tukampiga picha kama 40. Alikuwa anageuka kabisa, anatoa upande mzuri.

Wakati huo wenzake wawili walikuwa nyuma ya gari. Mmoja alishang'oa mpira wa wiper na anauvuta kama mnyoo mrefu. Mwingine alikuwa ameingia kupitia mlango niliouacha wazi. Akatoka na glavu yangu ya mkono wa kulia, akaruka nayo, chungwa la mbawa likang'aa, akatua kwenye jiwe, akaiweka chini na kuikalia. Yule wa boneti alipoona kazi imekwisha naye akaondoka, hata hakuaga. Tuliendesha mpaka Milford bila wiper ya nyuma, sehemu ambayo mvua yake ni zaidi ya mita sita kwa mwaka.

Jamani, msiwape chakula. Wakizoea watu wanaishia kula vitu vinavyowaua na kugongwa na magari. Zamani serikali ilikuwa inalipa kila anayeleta mdomo wa kea, kwa sababu walikuwa wanashambulia kondoo, na inakadiriwa ndege 150,000 waliuawa. Ulinzi kamili walipata mwaka 1986. Nilipolisoma hilo nikaisamehe glavu. Tena nilitamani ningemwachia na ya kushoto.

Nyani ni wa Uluwatu, Bali, hekalu lililo ukingoni mwa genge juu ya bahari. Kima wa pale wanaiba na kudai fidia. Anachukua kitu chako, anakaa nacho, anasubiri uletewe chakula cha kumpa, akiridhika anakiachia. Kuna watafiti waliwarekodi kwa video na mwaka 2021 wakachapisha matokeo: wale wakubwa wenye uzoefu wamejifunza vitu gani watu wanavithamini zaidi, wanavilenga hivyo, na wanadai zaidi kwa ajili yake. Watoto bado wanaokota chochote.

Sisi tulipata mzoefu. Alimpita mume wangu kana kwamba hana habari naye, akapanda ukuta, akanyoosha mkono kwa nyuma, miwani ikaondoka usoni. Mume wangu bila miwani anaona rangi tu. Mtumishi wa hekalu akaja na matunda. La kwanza kima alilipokea, akala, miwani kaikalia. La pili akala. La tatu akalinusa, akalitupa baharini, akanyoosha tena mkono. Mume wangu, ambaye haoni chochote, anauliza, "Anasema nini? Anasema nini?" Nikamwambia bado hajakubali. Akasema, "Mwambie ni za kusomea pia." Mtumishi wa hekalu hakujua Kiswahili, lakini alicheka mpaka akaliangusha tunda la nne mwenyewe, na hilo ndilo lililofunga biashara.

---

Kigingi

"Mwambie ni za kusomea pia." Nimelia.

---

Mama Kambi

Mpaka sasa naona zamu zako na zamu zake ziko sawa. Hakuna hata kimoja ambacho mmesema "nilikuambia"?

---

BiShanta

Mama Kambi, hakuna. Mara iliyokaribia kabisa ni Uyuni, Bolivia.

Uwanda wa chumvi wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000, mita 3,656 juu ya usawa wa bahari. Msimu wa kiangazi chumvi inakauka na kujichora pembe sita pembe sita mpaka macho yanapoishia. Zamu yangu. Nilitaka tule maharage. Nilikuwa nimeyaloweka tangu jana yake, nayabeba kwenye chupa kama mtoto. Mume wangu akatumia ushauri wake: "Tupike tambi?" Nikasema maharage.

Kule juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100. Yanatokota vizuri tu, mapovu yapo, mvuke upo, ila moto wenyewe haufiki. Saa ya kwanza maharage magumu. Ya pili magumu. Jua likazama, baridi ikashuka chini ya sifuri, tumejifunika mifuko ya kulalia tumelizunguka jiko kama wagonjwa. Saa ya nne gesi ikaisha.

Tukala. Hakukuwa na upepo, hakukuwa na ndege wala mdudu. Katika kilomita zote zile za chumvi, mlio pekee ulikuwa wa sisi wawili kutafuna. Kru. Kru. Mume wangu ananitazama, midomo imebana, macho yamejaa. Nikamwona neno limefika kooni. Akalimeza pamoja na harage. Kisha akasema polepole, "Yana chumvi ya kutosha."

Nilicheka mpaka nikashikwa na kizunguzungu cha milimani. Wanaokwenda miinuko ile bebeni dengu, au sufuria ya presha.

Na kule Bahari ya Chumvi (Dead Sea) ni kifupi tu. Zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari, chumvi yake karibu mara kumi ya bahari ya kawaida, unaelea hata usipotaka. Mume wangu alinyoa ndevu asubuhi ile. Bango la onyo lilikuwepo. Alielea kwa sekunde nne, na sauti aliyoitoa ilifanya kundi zima la wazee waliokuwa wanaelea na magazeti yao wayashushe kwa pamoja. Hakuweza kusimama, maana miguu inapanda yenyewe, kwa hiyo alirudi ufukweni chali, anapiga mikono kama kobe, mimi namvuta kwa kisigino. Zamu ilikuwa yake.

---

Tochi

Safari ijayo ni wapi, na nani anaanza?

---

BiShanta

Scotland, mwezi Agosti. Baada ya kumsoma Mzee wa Dira tumeanza mazoezi ya kula tunatembea. Bado hatujarusha shilingi kuona nani anaanza.

---

Nahodha Msaidizi (mwanachama mpya)

Habari za jioni wote. Mimi ndiye mume. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu.

Mzee wa Dira, shikamoo. Uko sahihi. Kule Pehoé vigingi vilikuwa vinaingia kwenye changarawe kama kidole kwenye unga. Niliviona. Mawingu pia niliyaona, yamelala juu ya Cuernos kama visahani, na nilikuwa nimesoma kwamba hiyo ni dalili ya upepo mkubwa huko juu. Lakini alikuwa amesimama anatazama lile ziwa, na sikuwa nimemwona na uso ule tangu siku ya harusi. Nikapigilia.

---

BiShanta

Miaka sita!

Nimeisoma mara tatu. Hiyo, mume wangu, ni "nilikuambia" iliyochelewa, tena mbele ya mashahidi. Sufuria za Scotland ni zako siku tatu za kwanza.

---

Nahodha Msaidizi

Sawa nahodha.